1998, 2004 au 2007: Urudi Mwaka Gani wa Gemu?

Mtu anayetamani kurudi kwenye gemu za zamani kwa kawaida huanza na jina la gemu moja, kisha hutambua kwamba anachokitamani ni mwaka mzima ulioizunguka gemu hiyo: mashine iliyokuwa chini ya televisheni, gemu nyingine zilizokuwa zikizungumzwa siku hizohizo, na namna watu walivyocheza kabla mambo hayajabadilika. Ndiyo maana mjadala kuhusu mwaka bora wa gemu hauishi, na makala hii haikusudii kuumaliza. Kazi yake ni ndogo kuliko hiyo: kumsaidia msomaji ambaye kwa sasa ana nafasi ya kurudia mwaka mmoja tu aamue aurudie upi kati ya mitatu inayotajwa mara kwa mara, yaani 1998, 2004 na 2007.

Miaka mingine ina haki ya kudai nafasi hapa. Mwaka 2001 ulileta Halo ya kwanza, Grand Theft Auto III na Metal Gear Solid 2, lakini mengi yaliyoanzia humo yalikomaa mwaka 2004, kwa hiyo anayechagua wa baadaye hapotezi sana. Mwaka 2017, ulioleta The Legend of Zelda: Breath of the Wild, bado ni wa juzi mno; gemu zake ziko madukani kama zilivyokuwa, na hakuna aliyepata muda wa kuzisahau ili azikumbuke.

Kipimo nitakachotumia si wingi wa gemu nzuri, kwa kuwa kwa kipimo hicho miaka yote mitatu inafaulu. Ninauliza kama kile ambacho watu walikipenda katika mwaka husika bado kinaweza kuchezwa leo. Sehemu ya uzuri wa gemu imo ndani ya diski yenyewe, na sehemu nyingine ilikuwa nje yake, kwa watu waliocheza pamoja, kwa seva zilizowaunganisha na kwa kutojua kwao nini kingefuata. Sehemu ya kwanza inaweza kununuliwa tena. Sehemu ya pili mara nyingi haiwezekani, na tofauti kubwa kati ya miaka hii mitatu ni kiasi gani cha uzuri wake kilikuwa upande gani.

1998

Ili kuuelewa mwaka huu ni lazima kukumbuka jinsi gemu za pande tatu zilivyokuwa changa. PlayStation ilitoka Japani Desemba 1994 na Nintendo 64 Juni 1996, na kwa miaka kadhaa watengenezaji walikuwa bado hawajakubaliana hata kuhusu kamera ikae wapi. Mchezaji aliruka akaangukia pembeni ya jukwaa, au alimgeukia adui akakuta kamera inatazama ukuta. The Legend of Zelda: Ocarina of Time, iliyotoka Novemba 1998, ilipata jibu ambalo hadi leo halijapitwa: mchezaji anabana kitufe cha Z kilicho nyuma ya pedi, Link, mhusika anayemwongoza, anamkazia macho adui mmoja, kamera inajipanga nyuma yake yenyewe, na kuanzia hapo kijiti kinamzungusha kumzunguka adui huyo badala ya kumpeleka hovyo. Gemu nyingi za upanga unazocheza leo zinatumia wazo hilo.

Mwezi huohuo Half-Life, gemu ya kwanza ya kampuni ya Valve, ilijibu swali jingine: hadithi isimulieweje bila kumnyang'anya mchezaji uongozi wa mhusika wake? Gemu inaanza ndani ya behewa linaloteremka polepole kwenye maabara ya Black Mesa. Kwa dakika kadhaa hakuna cha kupiga risasi. Unaweza kutembea ndani ya behewa, kuchungulia dirishani, kuwatazama watu wakiwa kazini, na baadaye, yote yanapoharibika, unaelewa ni nini kilichoharibika kwa sababu ulikiona kikiwa kizima. Katika gemu za kufyatua risasi za wakati ule, ambazo nyingi zilikukabidhi bunduki na mlango wa kupita, huo ulikuwa ujasiri mkubwa.

Hata hivyo gemu inayoueleza mwaka huu vizuri zaidi, kwa maoni yangu, ni Metal Gear Solid ya Hideo Kojima. Katika pambano na bosi anayeitwa Psycho Mantis, bosi huyo anadai kwamba anaweza kusoma mawazo, kisha anaisoma memori kadi yako na kutaja gemu nyingine za Konami ulizozihifadhi humo. Anakuamuru uiweke pedi sakafuni na kuifanya itembee kwa mtetemo wake. Risasi zako zote anazikwepa, kwa kuwa anajua vidole vyako vinafanya nini, mpaka uichomoe pedi kwenye tundu la kwanza la mashine na kuichomeka kwenye la pili. Mahali pengine unaambiwa kwamba masafa ya redio ya mhusika mmoja yako nyuma ya kasha la CD, na kweli yako pale, 140.15, kwenye kasha halisi ulilolishika mkononi. Ukizicheza nakala za leo utayaona hayo yote, lakini lile tundu la pili lenye waya haliko tena, na kasha mara nyingi ni picha tu kwenye skrini. Hili ndilo jambo kubwa ambalo mwaka 1998 umelipoteza, na ukweli ni kwamba si kubwa sana. Unacheka badala ya kushtuka, basi.

Mengine ya mwaka huo nayapitia haraka. StarCraft, gemu ya kuongoza majeshi iliyotoka Machi, ilikuwa na jamii tatu zisizofanana hata kidogo kwa silaha wala majengo, na bado mchezaji hodari wa jamii yoyote angeweza kumshinda mwenzake. Korea Kusini iliigeuza kuwa mchezo wa ushindani wa kulipwa na kuonyeshwa kwenye televisheni. Resident Evil 2 ilikuja na diski mbili, moja ya mhusika Leon na nyingine ya mwenzake Claire, na ile milango yake inayofunguka polepole gizani, iliyowekwa ili kuficha muda ambao mashine ilikuwa ikisoma diski, iligeuka kuwa sehemu ya hofu yenyewe. Baldur's Gate, Thief na Grim Fandango zilitoka kwenye kompyuta, na kila moja ina wapenzi ambao watakasirika kuona nimeitengea nusu sentensi.

2004

Mwaka 2004 haukugundua mambo mengi mapya. Ulivuna. PlayStation 2 ilikuwa madukani tangu Machi 2000, watengenezaji walikuwa wameijua hadi kwenye kona zake, na mashine mpya za picha ang'avu zilikuwa bado hazijafika, kwani Xbox 360 ilitoka Novemba 2005. Mashine iliyozeeka vizuri humpa mtengenezaji nafasi ya kushughulikia mambo mengine, na hilo linaonekana katika gemu za mwaka huu: zimejaa vitu vidogo ambavyo hakuna aliyewalazimisha kuviweka.

Grand Theft Auto: San Andreas ilitoka Oktoba ikiwa na miji mitatu, yaani Los Santos, San Fierro na Las Venturas, pamoja na jangwa, misitu na mlima kati yake, vyote ndani ya DVD moja. CJ, mhusika mkuu, akila kupita kiasi ananenepa, akienda mazoezini anajaa misuli, akiendesha baiskeli mara kwa mara anakuwa hodari wa kuiendesha. Ukungu wa rangi ya machungwa uliotanda Los Santos uliwekwa kwa sehemu ili kuficha kwamba mashine haikuweza kuchora mbali, lakini ulifanya kazi ya pili ambayo labda hawakuitarajia: uliifanya nchi ionekane kubwa. Toleo lililoboreshwa la 2021 lilipouondoa ukungu huo, mchezaji aliyeruka na ndege aliweza kuona kutoka mji mmoja hadi mwingine, na ghafla San Andreas ikaonekana kuwa kisiwa kidogo tu. Marekebisho ya Novemba 2024 yaliurudisha mwonekano wa anga ya zamani, na toleo hilo sasa linachezeka bila aibu.

Metal Gear Solid 3: Snake Eater, iliyotoka Novemba, ina mfano wangu niupendao kuliko yote. Katikati ya msitu kuna mdunguaji mzee sana anayeitwa The End, na pambano naye linaweza kuchukua saa nzima ya kutambaa, kusikiliza na kufuata nyayo zake. Lakini ukihifadhi gemu katikati ya pambano na kuiacha kwa zaidi ya wiki moja, au ukiisogeza mbele saa ya mashine, unarudi na kukuta amekufa kwa uzee. Hakuna maelekezo yanayokuambia hivyo. Watu waliambiana, na kwa kuwa habari za gemu zilikuwa bado hazijajaa kila mahali, wengi walidhani ni uongo mpaka walipojaribu wenyewe.

Half-Life 2, iliyotoka Novemba 16, iliwapa wachezaji bunduki ya kunyanyua na kurusha vitu, kisha ikawapeleka kwenye kijiji cha Ravenholm ambako risasi ni haba na misumeno ya mviringo imelala kila mahali, ili wajifunze wenyewe kwamba samani ni silaha. Pia iliwalazimisha wanunuzi kusakinisha Steam, programu ya Valve ya kununulia na kuendeshea gemu kwenye kompyuta, jambo lililowaudhi wengi sana wakati ule na ambalo leo ndilo linaloifanya ipatikane kwa urahisi. Halo 2 ilitoka Novemba 9 na kuwapanga watu mtandaoni kwenye Xbox kwa mfumo uliomtafutia mchezaji wapinzani wa kiwango chake. World of Warcraft, dunia moja kubwa ambamo maelfu ya watu hucheza pamoja mtandaoni, ilifunguliwa Novemba 23. Ukiongeza The Sims 2, Burnout 3: Takedown, Need for Speed Underground 2 na Pro Evolution Soccer 4, pamoja na mashine za mkononi za Nintendo DS na PSP zilizotoka kabla mwaka haujaisha, unaelewa kwa nini watu wa umri fulani hawataki kusikia la mwaka mwingine.

2007

Mwaka wa tatu una hoja iliyo rahisi kuieleza, kwa sababu karibu yote yalitokea ndani ya miezi minne. BioShock ilitoka Agosti 21, Halo 3 Septemba 25, na Oktoba ikaja The Orange Box, kifurushi kilichobeba Portal, Team Fortress 2 na mwendelezo wa Half-Life 2. Novemba peke yake ilileta Call of Duty 4: Modern Warfare, Super Mario Galaxy, Mass Effect, Assassin's Creed na Uncharted: Drake's Fortune. Hapo hatujagusa God of War II ya Machi, iliyotoka kwenye PlayStation 2 ilhali PlayStation 3 ilikuwa tayari madukani, wala The Witcher ya kwanza.

Gemu nyingi kati ya hizo zilianzisha mifululizo ambayo bado inaendelea au ilidumu miaka mingi. Hiyo ni sifa, na pia ni kasoro kwa anayetafuta zamani: mtu aliyecheza gemu za karibuni anapoifungua Assassin's Creed ya kwanza hakutani na kitu kigeni, anakutana na rasimu. Portal ni tofauti kabisa. Wazo lake lilitoka kwenye gemu ndogo ya wanafunzi wa chuo cha DigiPen, ambao Valve iliwaajiri baada ya kuiona, na hadi leo ni miongoni mwa gemu chache zinazosema zinachotaka kusema na kunyamaza.

Kiini cha 2007, hata hivyo, kilikuwa mtandaoni. Call of Duty 4 ilimpa mchezaji ngazi 55 za kupanda, silaha zinazofunguka kidogo kidogo, na zawadi kwa anayewaangusha wapinzani mfululizo bila yeye kufa: watatu alipata ndege ya kuwapeleleza, watano aliita mabomu, saba aliita helikopta. Mfumo huo umenakiliwa kiasi kwamba hauonekani tena kuwa wazo la mtu. Ni mwaka huohuo, mwezi Julai, Microsoft ilipoongeza dhamana ya Xbox 360 hadi miaka mitatu kwa hitilafu maarufu ya taa nyekundu na kutenga zaidi ya dola bilioni moja kwa ajili hiyo. Anayewaza kununua mashine halisi ya wakati ule alikumbuke hilo, na atafute za miaka ya baadaye.

Mikononi

Ukizishika pedi leo, 2007 unashinda bila ubishi. Kijiti cha kushoto kinatembeza, cha kulia kinatazama, gemu inajihifadhi yenyewe, na kidole kinajua la kufanya kabla ya kuambiwa. Mwaka 2004 uko karibu sana na hapo, isipokuwa kwa jambo moja linalowakera wageni kuliko picha zake: ukifa au kukamatwa katikati ya misheni katika San Andreas ya awali, unaamkia hospitali au kituo cha polisi, unatafuta gari, unavuka mji na kuanza upya. Zamani tuliona ni kawaida. Leo mtu mwenye saa moja ya kucheza anaweza kuimaliza yote barabarani.

Mwaka 1998 unasemwa kuwa mgumu, na nadhani ugumu wake unatiwa chumvi. Pedi ya kwanza ya PlayStation haikuwa na vijiti, ndiyo maana Resident Evil 2 inamwongoza mhusika kama gari: juu ni mbele kwa kadiri yeye anavyotazama, kushoto na kulia ni kugeuka palepale. Mwanzoni unagonga kuta, lakini kabla ya kutoka kituo cha polisi mikono imezoea, kwa sababu mfumo huo, japo wa ajabu, haubadiliki kamera inapobadilika. Kisichozoeleka haraka ni pedi ya Nintendo 64 yenyewe, yenye mikono mitatu na kijiti kimoja katikati ambacho huchakaa na kulegea. Usinunue pedi hizo zilizotumika kwa sababu ya mapenzi tu. Ocarina inachezwa vizuri kwenye mashine za baadaye.

Suala la skrini lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Picha za PlayStation ya kwanza mara nyingi zilikuwa na nukta 320 kwa 240, na zilichorwa na watu waliojua kwamba zitatazamwa kwenye televisheni za chogo, ambazo zililainisha kingo na kuchanganya rangi za nukta jirani. Kwenye skrini bapa ya leo nukta hizo zinasimama wima kama matofali, na kuta zinatetemeka kidogo unapotembea, kwa kuwa mashine ile haikupiga hesabu za umbali kwa usahihi. Gemu za 2004 zina shida ya namna nyingine: ukiichomeka PlayStation 2 moja kwa moja kwenye televisheni ya kisasa, picha inakuwa na ukungu na mara nyingi inachelewa nyuma ya kidole. Mwenye nafasi ya kuweka televisheni ya chogo aiweke, hasa kwa miaka hii miwili. Asiye nayo asihuzunike, atumie matoleo ya kisasa. Jambo dogo la kuangalia kwa anayenunua diski za zamani ni kwamba matoleo mengi ya Ulaya ya mwaka 1998 yalitengenezwa kwa televisheni za hezi 50 badala ya 60, na baadhi yao yanakwenda polepole kwa takriban asilimia 17, muziki pamoja na yote.

Kuzipata

Utafiti uliotolewa mwaka 2023 na Video Game History Foundation ulionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazikuwa zikiuzwa tena kwa njia yoyote halali. Miaka hii mitatu imependelewa, kwa sababu ni maarufu, lakini haikupendelewa sawasawa.

Ya mwaka 1998 yako katika hali nzuri kuliko umri wake. Metal Gear Solid imo katika mkusanyiko wa Master Collection wa 2023, Ocarina ipo kwenye huduma ya usajili ya Nintendo tangu Oktoba 2021, StarCraft ya awali ni bure tangu 2017, na Half-Life ilipata sasisho kubwa Novemba 2023 ilipotimiza miaka 25. Resident Evil 2 inahitaji tahadhari: toleo la 2019 ni gemu bora sana, lakini kamera yake iko begani na si ile ya kona za dari, kwa hiyo anayetafuta mwaka 1998 atafute ya awali, ambayo imeuzwa tena kwa kompyuta tangu 2024.

Mwaka 2004 ndio wenye majeraha. Gemu zake zilijaa nyimbo na magari ya watu wengine, na mikataba ya vitu hivyo huisha. Mwaka 2014 San Andreas ya Steam ilipata sasisho lililoondoa nyimbo kadhaa kwenye redio zake, na redio zile, kwa aliyecheza wakati ule, ni nusu ya gemu. Need for Speed Underground 2 haiuzwi kidijitali popote. Ni diski ya zamani au hakuna. Kwa upande mwingine Snake Eater imo katika Master Collection hiyohiyo, na imetengenezwa upya Agosti 2025 kwa uaminifu mkubwa mno, Half-Life 2 ilisasishwa Novemba 2024, na The Sims 2 ilirudi sokoni Januari 2025. Kwa hiyo ukiamua kurudi 2004, diski za asili na PlayStation 2 iliyo hai bado ni njia bora kwa nusu ya orodha, na hii ni mashine iliyouzwa kwa wingi kuliko nyingine yoyote, hivyo vipuri havijawa adimu.

Ya mwaka 2007 yanapatikana karibu yote: Mass Effect katika toleo la pamoja la 2021, BioShock katika mkusanyiko wa 2016, Halo 3 ndani ya Master Chief Collection, yaani mkusanyiko wa gemu za Halo, Super Mario Galaxy iliyorudi kwenye Switch ya Nintendo Oktoba 2025, na Portal haijawahi kuondoka Steam. Kinachokosekana ni Rock Band, gemu ya kupiga muziki, kwa kuwa ngoma na magita yake ya plastiki yameisha madukani.

Wenzako, na muda wako

Hapa ndipo kipimo changu kinapouma. Mtu anayesema anaikumbuka 2007 mara nyingi anakumbuka chumba cha kusubiria cha Call of Duty 4 au Halo 3: watu walewale wakibaki pamoja mechi baada ya mechi, wakitaniana, wakilipizana, wakijuana kwa sauti. Sababu ya chumba kile kuwa na kelele ilikuwa ya kiufundi. Xbox 360 ilipata mazungumzo ya faragha ya kikundi kwa sasisho la Novemba 2008. Kabla ya hapo, kwa kawaida, uliyekuwa ukicheza naye ndiye uliyezungumza naye. Kuanzia siku hiyo marafiki walijifungia kwenye vikundi vyao na chumba kikaanza kunyamaza. Seva za Halo 3 za Xbox 360 zilizimwa Januari 2022. Call of Duty za zamani zilipata uhai Julai 2023, baada ya mfumo wa kutafutia wachezaji mechi kurekebishwa kwenye Xbox, na watu walirudi kwa wingi hadi ikawa habari. Lakini waliorudi walikuwa watu wazima waliokuja kutazama, na wengi waliondoka.

World of Warcraft iliwahi kujaribu kuurudisha mwaka 2004 kwa makusudi. Toleo la Classic lilifunguliwa Agosti 2019 likiwa na dunia ya awali karibu kama ilivyokuwa, na foleni za kuingia zilikuwa ndefu. Dunia ilirudi, wachezaji wake wa zamani hawakurudi vilevile. Kila mtu alikuja na mwongozo, akijua njia fupi, silaha bora na muda wa kila jambo, na mabosi waliowahi kuwashinda watu kwa miezi waliangushwa mara tu walipofikiwa. Hata hivyo hasara hii haiugusi mwaka 2004 wote kama inavyougusa 2007, kwa sababu sehemu kubwa ya mwaka 2004 ilichezwa kwenye kochi au peke yako. Pro Evolution Soccer 4 na Burnout 3 zinahitaji pedi mbili na mtu wa kukaa kando yako. Kwa 1998, Tekken 3 ni hivyohivyo, na haijapungukiwa na chochote.

Kuhusu muda, tofauti ni kubwa. Gemu za 1998 nyingi humalizika: Metal Gear Solid na Half-Life ni za saa kumi na kitu kila moja, Resident Evil 2 ni fupi zaidi, na Ocarina pekee ndiyo itakayokudai wiki kadhaa. San Andreas ni saa 30 au zaidi kwa anayefuata hadithi tu, na hakuna anayefuata hadithi tu. Mwaka 2007 uko kati kwa kati, isipokuwa Portal inayomalizika jioni moja.

Wa kuchagua

Anayecheza peke yake, mwenye muda mchache na anayetaka kuhisi jinsi ilivyokuwa mambo yalipokuwa yakigunduliwa, arudi 1998. Aanze na Metal Gear Solid, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha haraka zaidi ujeuri wa watengenezaji wa wakati ule, kisha Half-Life, na Ocarina aiache kwa likizo. Hata ambaye hakuwa amezaliwa atapata karibu kila kitu tulichokipata sisi, na hilo siwezi kulisema kuhusu miaka mingine miwili.

Anayetamani mahali pa kukaa, si hadithi ya kumaliza, achague 2004. Ndio mwaka wangu, na nakiri kwamba una gharama kubwa zaidi: mashine ya zamani, kebo nzuri au televisheni ya chogo, na subira kwa misheni zinazoanza upya kutoka mbali. Mtu asiyetaka usumbufu huo acheze Snake Eater na Half-Life 2 katika matoleo ya leo, aiache San Andreas mpaka apate diski ya asili yenye nyimbo zake zote.

Mwaka 2007 namshauri mtu aliyeacha gemu kwa muda mrefu, au kijana ambaye picha za zamani zinamchosha, kwa sababu hakuna kitu cha kujifunza upya kabla ya kufurahi: Portal kwanza, BioShock pili, Galaxy tatu. Lakini kama unachokitafuta ni kile chumba cha kelele, usikitafute kwa wageni mtandaoni. Tafuta watatu au wanne mliokuwa mkicheza nao, panga nao usiku mmoja, mfungue mechi ya faragha ya Halo 3 ndani ya Master Chief Collection, ambayo haihitaji mtu mwingine yeyote awepo, na mzungumzie humohumo ndani ya gemu badala ya kwenye simu.